Kiyeyushi Kilichogoma Kuua

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote unayoweza kuinunua, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukifika katikati ya habari hii ukaanza kuhisi umewahi kupanga foleni huko, jua ni uchovu tu, kapumzike. Mimi nimechoka pia. Nimekuwa karani wa masijala katika Wizara ya Makapi na Mabaki kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo sijapoteza jalada hata moja. Zamani nilikuwa najivunia jambo hilo.

Naitwa Shomvi. Kabla sijaendelea lazima nikueleze kanuni moja ya nchi yetu, maana usipoijua utadhani tuna wazimu. Kanuni yenyewe ni kwamba jalada halirekebishwi. Kilichoandikwa, kikapigwa muhuri, kikaingia masijala, kimekwisha. Ikitokea jalada linasema hivi na kitu chenyewe kiko vile, kinachorekebishwa ni kitu.

Mwaka fulani karani mwenzangu aliandika kwamba daraja la Mto Mnyauko lina nguzo saba. Lilikuwa na sita. Basi ikajengwa ya saba, peke yake, katikati ya shamba la mihogo la bibi mmoja, na iko pale mpaka leo, anafungia kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu mkuu wa shule moja aliandikwa ana umri wa miaka tisa. Alirudishwa darasa la tatu, na nasikia kwenye hesabu alifanya vizuri. Raba na wino wa kufutia vilipigwa marufuku siku nyingi. Wageni wakisikia haya hucheka, lakini sisi tumeshazoea, na ina faida yake, hakuna kubishana.

*

Wizara yetu ina kiwanda kimoja, kule Ngwale, mwendo wa saa moja kwa basi. Kinapokea makapi ya miwa, yale manyuzi yanayobaki miwa ikishakamuliwa sukari. Wengine huyachoma. Sisi tunayaloweka kwenye matangi ya moto yenye kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuulainisha mmea mpaka uachie vilivyomo. Inatoka gundi ya asili iliyokuwa inashikilia nyuzi, tunaitumia kwenye plaiwudi. Zinatoka nyuzi zenyewe, zinakwenda kwenye karatasi. Na vinatoka vitu vingine vya maana sana ambavyo mimi navijua kwa namba za majalada tu.

Kiyeyushi hicho kinaitwa Namba Nne. Kinakuja kwa meli ndani ya mapipa ya bluu. Namba Moja mpaka Tatu zilikwenda wapi sijui, na sijauliza. Namba Nne inanuka mpaka kwenye mkate uliofungwa vizuri nyumbani. Ikikurukia machoni unalia siku mbili, na ikimwagika mtoni, wavuvi wa kule chini wanajua kabla hatujawaambia.

Mdogo wangu Mwanvita anasimamia tangi la pili. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado mdogo, nikamlea mimi. Nilikuwa nikitoka kazini nasahihisha madaftari yake kwa kalamu nyekundu ya serikali. Nina mtindo wangu wa kuweka alama ya vema, mkia wake mrefu, mwishoni unapinda juu. Akiuona alikuwa anacheka, anasema vema zangu zinataka kuruka. Sasa Mwanvita ana miaka kumi na minne kwenye tangi, ngozi ya viganja inambambuka, na anakohoa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Tabibu wa zahanati ya kiwanda hakumzungusha. "Mama, ukivuta hewa ya Namba Nne mwaka mmoja tena, hicho kifua hakitarudi."

Kuacha kazi hawezi. Nyumba anayoishi na wanawe ni ya kiwanda, na ukiacha kazi unaacha na paa. Lakini tusiseme serikali haijali. Kila anayeshughulika na kitu kilichoandikwa kuwa hatari hupewa nusu lita ya maziwa kwa siku, kwenye kikombe cha plastiki, kwa sababu Wizara iliwahi kuelezwa kwamba maziwa huosha kifua. Aliyeeleza hajulikani, ila jalada lipo.

*

Ndipo akaja Daktari Nyamizi Kasonda. Alikuwa mkemia mpya wa maabara yetu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia mbaya ya kujibu kile alichoulizwa. Hakumaliza hata mwaka akaomba nafasi kwenye kikao cha wakuu wa idara, akaingia na mifuko miwili ya unga mweupe, jiko dogo la umeme na sufuria. Mkurugenzi wa Vibali, Bwana Mkwizu, mtu mnene, mpole, asiyejua kusema kazi bila kusema mchakato, akauliza kama kutakuwa na chai.

"Huu unaitwa kolini," Nyamizi alisema, akiinua mfuko mmoja. "Wafugaji wanautia kwenye chakula cha vifaranga. Na huu ni unga wa ndimu, ule wa kutilia juisi. Kila mmoja peke yake ni unga mkavu. Nikivichanganya na kuvipasha moto kidogo, tazameni wenyewe."

Tukatazama. Unga na unga vikashikana, vikalowana, na baada ya muda sufuria ikawa na kitu kizito kinachong'aa, mfano wa asali. Akakilegeza kwa maji kidogo, akatia konzi mbili za makapi, akafunika. Tulipomaliza chai na hotuba za ukaribisho, makapi yalikuwa yamelegea na kimiminika kimekuwa cha kahawia. Akachuja nyuzi, akaziweka kwenye sahani. Kwenye kile kilichobaki akamimina maji mengi, na gundi ikaanza kutuama chini kama togwa. Jambo nililoliona mimi ni jingine kabisa. Tulikuwa watu kumi na sita kwenye chumba chenye dirisha moja, na hakuna aliyekohoa.

"Maji nikiyachemsha yakatoka, kiyeyushi hiki nakitumia tena," alisema. "Na tena. Hakishiki moto, hakinuki, na mkono ukiingia kwa bahati mbaya unanawa, basi."

"Tutakiagiza nchi gani?" akauliza Bwana Mkwizu.

"Hatukiagizi. Tunakitengeneza hapa."

Mkuu wa Idara ya Mapipa akainua mkono, uso umemshuka kwa uchungu wa kweli. "Sasa daktari, mapipa ya bluu tutayapata wapi?"

Nilikuwa naandika muhtasari. Watu walipotoka nilimfuata Nyamizi, nikamsaidia kubeba jiko, nikamweleza habari za mdogo wangu. Nikamuuliza kama mtu aliyekwisha kuharibika kifua anaweza kupona kwa dawa hii.

"Mzee Shomvi, hii si dawa ya kifua," alinijibu. "Kilichoharibika siwezi kukuahidi. Lakini akiacha kuvuta sumu, hakitaendelea kuharibika. Hilo nakuahidi."

Miaka mingi sijasikia ahadi isiyo na hotuba mbele yake. Nililibeba lile jiko mpaka mlango wa maabara bila kuhisi uzito.

*

Ili kitu kiingie kiwandani lazima kiwe na kibali, na ili kipate kibali lazima kijaziwe Fomu ya Kemikali. Fomu hiyo ina visanduku vitatu. Cha kwanza kimeandikwa INAUA PAPO HAPO. Cha pili, INAUA POLEPOLE. Cha tatu, INALIPUKA. Chini yake kuna maelekezo kwa herufi nene kwamba mwombaji aweke alama ya vema kwenye kisanduku kimoja au zaidi, na fomu yenye visanduku vitupu itarudishwa.

Nyamizi aliviacha vitupu, akaandika chini yake: "Hakina hatari hizi." Fomu ikarudishwa. Akaenda kwa Bwana Mkwizu, nami nilikuwepo, nimepeleka majalada ya kusainiwa.

"Daktari, kitu kisicho na hatari hakihitaji kibali," Mkurugenzi alimwambia kwa upole.

"Vizuri. Basi kesho nakipeleka kiwandani."

"Bila kibali? Haiwezekani."

"Basi nipe kibali."

"Cha kitu gani? Wewe mwenyewe umeandika hapa hakiui, hakilipuki. Mimi nitaidhinisha nini? Nitaweka sahihi yangu kwenye kitu ambacho hakifanyi chochote?"

"Kinayeyusha makapi, Mkurugenzi."

"Hakuna kisanduku cha hicho," akasema Bwana Mkwizu, na nadhani alimwonea huruma kweli, maana alimsogezea sahani ya karanga.

Alipigwa danadana miezi saba. Alijaza fomu tisa, zote zikarudi. Mimi kila Jumapili nilikuwa napanda basi kwenda Ngwale, na kila Jumapili sentensi za Mwanvita zilikuwa zinazidi kuwa fupi, kwa sababu ndefu zilikuwa zinamkata pumzi.

"Kaka, ile ya ndimu inakuja lini?"

"Iko kwenye mchakato."

"Uambie huo mchakato mimi nakohoa."

Fomu ya kumi ilipokuwa inaandaliwa nilimwita Nyamizi pembeni. "Mwanangu, weka vema kwenye kile cha pili. Inaua polepole. Kitu gani hakiui polepole hapa duniani? Hata mimi hii masijala inaniua polepole. Hakuna mtu anakwenda kuhakikisha. Miaka thelathini sijaona."

"Ni uongo, Mzee."

"Ni kisanduku tu."

"Kiyeyushi hiki nimekitengeneza kisiue," alisema, bila kunikasirikia, kama mtu anayemweleza mzazi wake kitu. "Hiyo ndiyo kazi yake yote. Nikiandika kinaua, nimetengeneza nini?"

Akaikabidhi ile fomu visanduku vyake vikiwa vitupu. Ilipita mikononi mwangu saa nne asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto. Nikafunga mlango wa masijala, nikatoa ile kalamu nyekundu, na pale kwenye INAUA POLEPOLE nikaweka alama ya vema. Naomba mnielewe. Nilikuwa nawaza tangi la pili. Baada ya siku nne kibali kilitoka kikiwa na mihuri mitano, na nilitembea kwenda nyumbani nikipiga mluzi, mtu mzima mwenye mvi zangu. Nyamizi alidhani wameamua hatimaye kusoma maelezo yake. Sikumwambia.

Siku ileile Idara ya Itifaki, ambao wao hawachelewi kamwe penye sherehe, walisoma muhtasari wangu wa kile kikao cha jiko na sufuria, wakaandaa ratiba ya uzinduzi, wakaipiga muhuri na kuileta masijala. Kipengele cha sita kilisema: "Mgeni rasmi kunywa glasi moja ya kiyeyushi mbele ya wananchi." Nikaiweka kwenye jalada lake, nikaendelea na mluzi wangu.

*

Nisichokijua ni kwamba mwezi huohuo Wizara ilikuwa imeanzisha Kitengo cha Uthibitisho wa Madhara. Kilikuwa na gari jipya na watumishi wanne, hakikuwa na kazi. Kazi yao ya kwanza ikawa kibali chetu. Kimeandikwa kinaua polepole, basi wathibitishe.

Walikuja maabara na kuku watatu. Kila asubuhi kuku walitiliwa kiyeyushi kwenye maji yao ya kunywa, na kila jioni mtumishi mmoja aliandika hali zao. Nimezisoma taarifa zile. Wiki ya kwanza: "Wahusika hawajafa." Wiki ya pili: "Wahusika hawajafa na wamenenepa." Kile ni chakula cha vifaranga, mlitegemea nini? Wiki ya tatu kuku wawili wakaanza kutaga. Wiki ya nne taarifa iliandikwa kwa mkono uliokata tamaa: "Wahusika wamegoma kufa."

Hata hivyo wiki hiyohiyo kuku mmoja alikufa. Ilikuwa Jumapili, na Kitengo kilikuwa na pilau. Nililiona tumaini dogo pale, nikamwendea Bwana Mkwizu nikapendekeza kifo kile kihesabiwe, mambo yaishe. Alikifikiria kwa muda mrefu, kalamu mdomoni.

"Haiwezekani, Mzee Shomvi," akasema. "Huyo alikufa haraka. Kibali kinasema polepole."

Hapo nikaona maji yamezidi unga. Nikakaa mbele ya meza yake bila kukaribishwa, nikamwambia ukweli wote. Nikasema ile vema ni ya kwangu, daktari hakuiweka, kiyeyushi hakiui na hakijawahi kuua. Nikamwambia nina mdogo wangu kule Ngwale. Nikamwambia niko tayari kumwaga unga, wanifukuze hata leo, ila waifute ile alama moja.

Bwana Mkwizu alifungua jalada, akasoma, akalifunga taratibu.

"Jalada halisemi hivyo," aliniambia. "Jalada linasema fomu ilijazwa na mtaalamu. Wewe si mtaalamu. Kwa hiyo si wewe uliyeijaza. Nenda kapumzike, Mzee wangu, umefanya kazi siku nyingi."

*

Kikao cha mwisho kiliongozwa na Mheshimiwa Waziri Lubinza mwenyewe. Alikuwa na koti zito siku ya joto na sauti ya mtu anayezungumza na uwanja hata mkiwa watu saba. Nyamizi aliitwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha mihtasari, karibu na mlango.

"Ndugu zangu," Waziri alisema, "taifa ni kumbukumbu. Taifa ni karatasi iliyotulia. Leo tukikubali kwamba jalada limekosea kuhusu kimiminika kidogo, kesho mtu atasimama aulize kuhusu nguzo ya saba. Keshokutwa atauliza kura. Tutakuwa tumebaki na nini? Jalada linasema kiyeyushi hiki kinaua polepole. Kuku wanasema hakiui. Mimi, kama kiongozi, siwezi kusikiliza kuku nikaacha jalada."

Mkuu wa Idara ya Mapipa alipiga makofi.

"Kwa hiyo swali liko kwa wataalamu," Waziri aliendelea. "Kitu hiki kirekebishweje kiendane na kibali chake?"

Wataalamu hawakuchukua hata dakika tano. Kila pipa la kiyeyushi kipya litiwe ndani yake pipa moja la Namba Nne. Namba Nne inaua polepole, hilo lilithibitishwa zamani, wala haikuhitaji kuku. Na mapipa ya bluu yataendelea kuja kama kawaida. Mchanganyiko huo utaitwa Namba Tano, Kiyeyushi Rafiki.

Nyamizi akasimama. Sauti yake ilikuwa ya chini na imechoka.

"Mheshimiwa, ile alama sikuiweka mimi. Na Namba Nne ikiingia humo hakuna tena kitu kipya. Itakuwa Namba Nne yenye ndimu. Haitachujika, haitatumika mara ya pili. Na watu wa kwenye matangi watavuta ileile wanayoivuta leo. Kuna mtu kwenye tangi la pili ameambiwa amebakiza miezi. Ninamjua kwa jina."

"Yumo kwenye jalada?" akauliza Waziri.

"Hayumo."

"Basi tusichanganye mambo."

Wakampa karatasi ya kusaini, akakataa. Hakufukuzwa, nchi yetu haina ukatili huo. Alipandishwa cheo palepale, akawa Mshauri Mwandamizi wa Makapi, mwenye ofisi kubwa isiyo na bomba la maji wala umeme wa jiko. Maabara ikafungwa kwa kufuli. Kitu pekee alichofanikiwa kuondoka nacho ni chupa moja ya lita moja, ya kile kiyeyushi chake cha kwanza, akaiweka dirishani kwenye ofisi mpya. Nilipompelekea barua ya cheo aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mzee, ile vema ilikuwa ya kwako?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akaniambia nifunge mlango nikitoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

*

Zilibaki siku tatu uzinduzi ufike nilipokumbuka kipengele cha sita. Mgeni rasmi, ambaye ni Waziri, atakunywa glasi moja ya kiyeyushi. Imeandikwa, imepigwa muhuri, imo masijala, na jalada halirekebishwi.

Sitaficha, nilifurahi. Nikasema moyoni, leo kanuni imemgeukia mwenyewe. Namba Nne hawezi kuinywa. Ratiba haiwezi kufutwa. Imebaki njia moja, warudishe kiyeyushi kiwe kama kilivyokuwa. Nikaichukua ratiba kwa mikono miwili, nikampelekea Bwana Mkwizu. Alisoma kipengele cha sita, jasho likamtoka, akainua simu. Walikaa mlango umefungwa kutwa nzima, mimi nikiwa nje nawasubiri, nikimwomba Mungu kwa ajili ya mtu mmoja wa tangi la pili.

Walipotoka walikuwa wanatabasamu. Walikwenda moja kwa moja kwenye ofisi kubwa isiyo na bomba, wakachukua ile chupa dirishani.

Uzinduzi ulifana. Palikuwa na ngoma, turubai, utepe, na mapipa mia mbili mapya yaliyopakwa rangi ya ua la alizeti. Wafanyakazi wa matangi walipangwa mstari wa mbele, na Mwanvita alikuwa miongoni mwao, amevaa glavu nyeupe alizopewa kwa siku hiyo ili viganja visionekane kwenye picha. Waziri alisema kwamba enzi ya sumu imekwisha. Alisema Wizara yake imekuwa sikio la mnyonge na pua ya mnyonge. Kisha akamiminiwa glasi kutoka kwenye ile chupa, akaiinua juu, akanywa yote bila kupumua.

"Kama juisi ya ndimu," aliutangazia umma, na umma ukapiga makofi.

Hakudanganya. Lilikuwa neno la kweli pekee kwenye sherehe nzima, na lile lilikuwa tone la mwisho la kiyeyushi salama katika nchi yetu, isipokuwa kile kilichobaki chini ya chupa. Hicho aliondoka nacho. Nasikia anafuga kuku.

*

Miezi miwili baadaye nilikwenda Ngwale siku ya kazi, mchana, kwa sababu Mwanvita alinitumia ujumbe kwamba ananihitaji kwa jambo la fomu. Nilimkuta kwenye bwalo la kiwanda, peke yake kwenye meza ya mwisho, kikombe cha plastiki mbele yake. Amekonda mpaka saa ya mkononi imepanda karibu na kiwiko. Harufu ilikuwa ileile ya miaka yote, na juu yake kidogo sana, ndimu.

Alikuwa ameomba kuhamishwa kutoka kwenye tangi apelekwe kwenye mizani, kule wanakopimia makapi, nje, penye upepo. Fomu ya Kuhama Kitengo inauliza kama ugonjwa wa mwombaji ulitarajiwa au haukutarajiwa. Ukiwa haukutarajiwa, anahamishwa. Ukiwa ulitarajiwa, huo ni sehemu ya kazi.

"Tabibu amenipeleka pale ukutani," alisema, akapumzika. "Akanionyesha kibali. Akaniambia, mama, imeandikwa inaua polepole." Akapumzika tena. "Na wewe unaumwa polepole. Kwa hiyo ilitarajiwa."

Nakala ya kibali ilikuwa ukutani nyuma yake, kwenye fremu ya kioo, pamoja na fomu iliyokizaa. Sikutaka kuitazama. Yeye akageuka, akaitazama kwa niaba yangu.

"Wenzangu wanapita pale kila siku hawaoni kitu," alisema. "Mimi niliiona siku ya kwanza. Vema ile inataka kuruka."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na miezi mingi ya maelezo, nimeyapanga kwenye basi, nimeyapanga kitandani, kwamba nilikuwa namfikiria yeye, kwamba nilidhani ni kisanduku tu.

"Mwanvita, mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka, kaka."

Akakohoa kwa muda mrefu, mkono umeshika ukingo wa meza, mimi nimemshika bega nikihisi mifupa. Alipotulia alisukuma ile fomu mbele yangu, akaweka kalamu juu yake. Ulitarajiwa. Haukutarajiwa. Visanduku viwili, na chini yake maelekezo yaleyale, kwamba fomu yenye visanduku vitupu itarudishwa. Nikiweka kwenye cha kwanza, anabaki kwenye tangi. Nikiweka kwenye cha pili, itapingana na kibali, na mnajua wenyewe kwetu kibali hakirekebishwi, anarekebishwa mgonjwa.

"Jaza wewe," aliniambia. "Mwandiko wako wanauamini."

Nikaishika kalamu. Sikuweka alama popote. Kengele ya zamu ya mchana ikalia, watu wakaanza kusogeza viti, na yeye akasimama kwa kushikilia meza, akafunga kilemba chake vizuri. Akanitazama usoni kama alivyokuwa ananitazama zamani nikitoka kazini, kabla hajanipa daftari. Kisha akakisogeza kikombe chake cha maziwa mpaka karibu na mkono wangu.

"Kunywa, kaka," alisema. "Unaonekana umechoka."

Akaenda kwenye tangi lake. Nikayanywa yote.